Hajisikii Vizuri

Mwezi uliopita tulimzika mama yangu, na mgeni aliyetoka mbali kuliko wote hakuwa mjomba wa Mombasa kama watu walivyodhani. Alikuwa mwanamke mnene kidogo, mwenye sweta la kijani na kitenge kilichokunjamana, aliyeshuka kwenye bodaboda pale getini saa moja asubuhi akiwa na begi moja na miguu iliyovimba kwa safari. Alikuwa ametoka Mbala, Zambia, akavuka mipaka miwili na kubadilisha mabasi siku tatu na nusu mpaka kwetu Machakos. Sikuwa nimemwita. Nilimwandikia ujumbe mfupi tu kwenye simu kwamba mama ameaga na mazishi ni Jumamosi, jinsi unavyomwandikia mtu wa mbali usiyemtarajia. Dada yangu mdogo alinivuta pembeni akaniuliza huyu ni nani. Nikamwambia tulifanya kazi pamoja zamani, Sumbawanga. "Kazi gani?" akauliza, lakini tulikuwa tunaitwa kwenye jeneza na sikumjibu. Mgeni huyo, Loveness Nakazwe, alisimama nyuma ya wanawake wa kanisa la mama, akaimba nyimbo asizozijua kwa kufuatisha sauti, na udongo ulipoanza kurudishwa akaja kusimama kando yangu bila kunishika. Alikaa siku mbili, akaosha sufuria pamoja na wapishi, akarudi kwao. Tangu aondoke sijafanya la maana. Nakaa jikoni, nafikiria mwaka ule, na ndani ya mwaka ule, wiki moja.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, na nilikuwa mmisionari. Watu huwaita wa imani yetu Wamormoni. Vijana wa kiume hutoka nyumbani kwa miaka miwili, wasichana kwa mwaka mmoja na nusu. Wanapelekwa mahali wasipopachagua, wawili wawili, wakiwa na kibati cheusi chenye jina kifuani, kuhubiri nyumba kwa nyumba. Mimi nilipelekwa Sumbawanga, mji ambao nilipoutafuta kwenye ramani nilidhani wamekosea kuandika. Baada ya miezi saba nikapewa mwenza mpya, Dada Nakazwe, na pamoja naye barua ya rais wa misheni, aliyekaa Nairobi, ikinifanya mwenza mkuu. Mwenza ni mtu usiyemchagua na usiyeruhusiwa kuachana naye. Mnalala chumba kimoja, mnatoka pamoja, mnarudi pamoja. Akienda bombani kuchota maji unamfuata na ndoo ya pili hata kama maji ndani yapo. Tuliitana kwa majina ya ukoo, Dada Nakazwe na Dada Mutua, na ilinichukua muda mrefu kujua kwamba jina lake ni Loveness. Kanuni nyingine ilikuwa kwamba huendi nyumbani mpaka muda wako uishe. Kwangu haikuwa na uzito, kwetu kulikuwa mbali. Lakini Nakazwe alitoka ng'ambo tu ya mpaka wa Kasesya, mwendo wa siku moja kwa lori, na sijui nani alimpanga karibu hivyo.

Tulipanga vyumba viwili kwa Mama Sichalwe, mtaa wa Katandala. Sakafu ilikuwa ya saruji, baridi kiasi kwamba tulivaa soksi mbili mbili, na kioo kimoja cha dirisha kilichovunjika kilikuwa kimezibwa kwa boksi la sabuni kutoka Zambia. Ukutani, juu ya meza yetu ya kusomea, kulikuwa na picha ya Bikira Maria. Siku ya kwanza nilimwomba Mama Sichalwe aiondoe. "Huyu alikuwepo kabla yenu," akasema, "na mkiondoka atakuwepo." Alikuwa Mkatoliki kama karibu watu wote wa Ufipa, na kwa sababu tuliitwa dada, watu mitaani walitudhani masista. Walitusalimu "Tumsifu Yesu Kristo," wakitegemea tuitikie "Milele, amina," na mwanzoni nilikuwa nasimama kueleza. Baadaye nilichoka nikawa naitikia. Kila nyumba tulikaribishwa chai, maana kule baridi ni ya kweli na mgeni hapewi kiti kitupu. Dini yetu hairuhusu chai. Tukawa tunaomba maji ya moto, matupu, na kuyanywa polepole kwa adabu, mpaka watoto wa Katandala wakatupa jina: masista wa maji moto. Jioni moja nilimsikia Mama Sichalwe akizungumza na jirani yake kwenye ua, sisi tukiwa ndani tumenyamaza. "Hawana waume, hawana kanzu, hawanywi chai," alisema jirani. "Sasa wanaishije?" Mama Sichalwe akafikiri. "Wanatembea," akasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Tulitembea. Nikiukumbuka mwaka ule nakumbuka miguu kuliko maneno. Ilikuwa miaka ile biashara ilipoachiwa huru, na mji ulikuwa umejaa vitu kuliko watu wa kuvinunua: mitumba iliyomwagwa juu ya maturubai, redio za betri, sabuni na sukari zilizovuka mpaka mchana kweupe bila mtu kuzificha. Kila mtu alikuwa na jipya la kutangaza. Vyama vipya vya siasa vilikuwa na bendera, wahubiri wengine walikuwa na vipaza sauti, na sisi tulikuwa na kitabu kimoja na sketi ndefu zilizojaa matope. Katika miezi minane nilikuwa nimeona watu wawili wakibatizwa, na mmoja wao alikuwa amehamia Mpanda. Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Lakini nilikuwa mtiifu, na utiifu nilikuwa naushika kama mtu anavyoshika ukuta gizani. Rais alikuwa ameniandikia kwamba nyumba yetu ilikuwa mfano, kwamba wengine walioko karibu na mipaka walikuwa wanasumbua kwa maombi ya ruhusa na sisi hatujawahi. Barua hiyo niliikunja nikaiweka ndani ya kitabu changu, na siku mbaya niliifungua nikaisoma.

Wiki ninayoisema ilianza vizuri. Jumatatu ni siku ya kupumzika, ya kufua na kuandika barua. Ilikuwa katikati ya mvua, nguo hazikauki, kwa hiyo tulizitandaza jikoni kwa Mama Sichalwe juu ya kamba, karibu na moto, na wiki nzima tulinuka moshi. Nakazwe alipika ugali wa ulezi na migebuka, samaki wa ziwani waliokaushwa, kutoka Kasanga. Alipika huku akiongea na Mama Sichalwe, yeye kwa Kimambwe na Mama Sichalwe kwa Kifipa, lugha zilizo ndugu, wakielewana na kucheka, na mimi nilikaa kwenye kigoda nikisubiri mtu anitafsirie. Nilimwonea wivu. Alikuwa na wiki sita tu pale na wazee walimwita mwanangu. Mimi, baada ya miezi minane, walikuwa bado wanacheka Kiswahili changu cha Kenya.

Jumanne asubuhi tulikuwa sokoni kununua maharage, na mwanamke aliyekuwa anapanga vitenge juu ya turubai akainuka ghafla akamwita Nakazwe kwa jina la nyumbani. Aliitwa Estina, mfanyabiashara wa Mbala, jirani yao. Kila wiki alikuja na lori la bidhaa kupitia Kasesya. Hakumaliza salamu. "Nimekutafuta tangu jana," akasema. "Mama yako amelazwa. Hali yake ni mbaya, mwanangu. Anakutaja." Nakazwe akauliza ni nini. Estina akasema ni tumbo, kisha akasema ni damu, kisha akasema, "Mimi si daktari. Nimeambiwa nikwambie uje. Lori linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi, nafasi ipo. Usilikose hili, maana barabara hii mvua ikizidi sijui lini tutapita tena." Nakazwe alikuwa ameshika mfuko wa maharage kwa mikono miwili. Hakulia. Alinigeukia akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada Mutua, twende posta tumpigie Rais."

Nilipanga sentensi yangu njia nzima. Mama yake Dada Nakazwe yu mahututi, kuna lori kesho asubuhi, tunaomba ruhusa twende. Ilikuwa sentensi fupi. Pale posta mhudumu wa simu, mama mwenye miwani, aliniuliza nampigia nani Nairobi. "Rais," nikasema. Akaniangalia juu ya miwani. "Rais wa Kenya?" Nikamweleza ni rais wa misheni. "Siku hizi kila mtu ana rais wake," akasema, akaandika. Tulisubiri kwenye benchi kwa muda wa karibu saa mbili. Simu ilipopatikana niliingia kwenye kibanda peke yangu, maana ni mtu mmoja tu anayetosha, na Nakazwe akasimama nje ya kioo akiutazama mdomo wangu. Rais alikuwa Mmarekani, mtu mpole, na tulizungumza Kiingereza. Nilisikia taipureta nyuma yake. "Dada Mutua," akasema, "kuna nini?" Katika sauti yake nilisikia, au nilidhani nimesikia, uchovu wa mtu aliyekwisha kupigiwa simu nyingi za namna hii. Nikaona barua yangu ndani ya kitabu. Nikaona taarifa ya wiki ninayomtumia, bila nyumba hata moja tuliyofundisha. Nikasema, "Rais, mama yake Dada Nakazwe hajisikii vizuri."

Nimeishi na maneno hayo zaidi ya miaka thelathini na bado siwezi kusema yalitoka wapi. Hayakuwa uongo. Mtu anayekufa hajisikii vizuri. "Pole sana," akasema Rais. "Amemwona daktari?" Nikasema yuko hospitali. "Basi yuko mahali panapofaa. Mwambie aandike barua nyumbani, na sisi huku tutamwombea. Nipigieni Ijumaa mniambie anaendeleaje." Nikasema ndiyo, Rais. Nilikuwa bado na muda. Angeweza kuniuliza zaidi, ningeweza kusema zaidi, laini ilikuwa safi kuliko siku nyingine zote. Nikashukuru nikaweka simu. Nilipofungua mlango Nakazwe akauliza, "Amesemaje?" Nikamwambia, "Amesema tungoje mpaka Ijumaa." Akauliza, "Umemwambia habari ya lori?" Nikasema, "Amesema Ijumaa." Akaitikia kwa kichwa. Aliniamini. Hiyo ndiyo sehemu ambayo, kila nikifika, huwa nainuka kufanya kazi nyingine.

Nimejaribu kuwa mkweli kuhusu sababu. Hofu ya kushushwa cheo ilikuwepo, ingawa cheo chenyewe kilikuwa cha kuongoza mtu mmoja. Kanuni ilikuwepo. Lakini kulikuwa na jambo jingine. Mama yangu hakutaka niende misheni, na miezi minne ilikuwa imepita bila mstari kutoka kwake. Mama yake Nakazwe alikuwa anamwita kupitia mpaka, kupitia matope, kwa mdomo wa muuza vitenge. Sikutaka kuona binti akiitwa hivyo na kwenda. Ninaandika hili sasa kwa sababu mama yangu hayupo kulisoma.

Jumatano saa kumi na mbili tulikuwa kando ya lori. Nakazwe alikuwa na barua aliyoiandika alfajiri na kifurushi cha unga wa ulezi alichopewa na Mama Sichalwe. Ukungu ulikuwa umelala chini, taa za lori zilionekana njano, na Estina alikuwa tayari juu ya mizigo amejifunika turubai. "Panda," akasema, akinyoosha mkono. Nakazwe akampa barua katika mkono ule. "Nimeambiwa ningoje, mama." "Na nani?" "Na Rais wetu." Estina alianza kucheka kisha akaona hakuna mzaha. Akanitazama mimi. "Na huyu mwenzako anasemaje?" Nilitazama gurudumu. Dereva akapiga honi, watu wawili waliochelewa wakarukia nyuma, na lori likaondoka likitapanya maji ya madimbwi kwenye sketi zetu. Tulisimama pale mpaka sauti yake ikaisha. Kisha nikasema, Mungu anisamehe, "Tuna miadi saa tatu."

Miadi ilikuwa kwa Baba Oresta, mkulima wa pembeni mwa mji aliyekuwa ametukubali kwa sababu alipenda kubishana. Sebule yake ilikuwa imejaa magunia ya mahindi mpaka karibu na dari. Viti alikuwa ameviondoa na wageni walikaa juu ya magunia. Miaka ya nyuma serikali ilikuwa inakuja kuyanunua yote. Sasa walikuja wafanyabiashara, kama walikuja, na mwaka ule barabara ilikuwa mbaya hawakuja. Panya walikuwa wanapita ndani ya magunia wakati tunafundisha. Nilikuwa nawasikia chini yangu. Nilizungumza juu ya familia, kwamba Mungu amepanga familia zikae pamoja hata baada ya kifo, na hilo ndilo somo nililolipenda kuliko mengine yote. Baba Oresta alinisikiliza mpaka mwisho. "Ni maneno mazuri," akasema. "Lakini wakiwa bado hai, mnawatunza namna gani?" Alikuwa anafikiria mahindi yake, nadhani, na watoto wake. Hakujua lolote juu yetu. Kwa kawaida Nakazwe ndiye aliyejibu maswali ya namna hiyo. Alikuwa anang'oa nyuzi za gunia, moja moja, akiziweka gotini. Nilijibu kitu, sikumbuki nini. Tulipotoka nje alisema miguu inamuuma, tukarudi nyumbani mchana, jambo ambalo hatukuwahi kufanya. Alilala ameelekea ukuta.

Alhamisi nilipoamka kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Kibati chake cha jina kilikuwa juu ya mto. Ndoo zote mbili zilikuwa zimejaa maji mpaka ukingoni. Alikuwa ameyachota kabla ya kuondoka ili nisiende bombani peke yangu. Nilikimbia jikoni bila viatu. Mama Sichalwe alikuwa anapuliza moto, hakugeuka. "Shikamoo, mama. Dada Nakazwe yuko wapi?" "Marahaba. Ameenda kwa mama yake. Muuza maziwa amempakia kwenye baiskeli mpaka njia ya Matai. Nimempa viazi." Nikasema, "Mama, mbona hukuniamsha?" Sasa aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi. "Nikuamshe umzuie?" akasema. Kisha akanisogezea kigoda, na kwa mara ya kwanza hakunipa maji ya moto. Aliniacha nikae tu.

Siku ile nzima sikutoka. Mmisionari aliye peke yake haruhusiwi kutembea, na hata kama ningeruhusiwa sikuwa na pa kwenda. Nilisikia mvua ikianza saa tano na nikaifuata akilini barabarani, kilima kwa kilima. Baadaye nilikuja kujua kwamba mchana ule Nakazwe alikuwa Msanzi, amekaa kibarazani kwa mtu asiyemjua, kwa sababu trekta lililompa lifti lilikuwa limezama na hakuna gari lililopita kwenda wala kurudi. Alilala pale. Kesho yake alitembea mpaka Matai, na kutoka Matai akapata pikapu ya mapadre iliyokuwa inaenda mpakani.

Ijumaa nilienda posta peke yangu, nikivunja kanuni mchana kweupe. Mama wa miwani aliuliza, "Yule mwenzako?" Nikasema amesafiri. Rais alipokuja kwenye simu nilimwambia yote kwa pumzi moja: kwamba Dada Nakazwe ameondoka bila ruhusa, kwamba mama yake yu mahututi, kwamba kulikuwa na lori. "Dada Mutua," akasema, "Jumanne uliniambia hajisikii vizuri." Nikasema ndiyo. "Kama ungeniambia hivi Jumanne, ningewaambia mpande lori wote wawili." Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu angepandisha. Akauliza kama nina mtu wa kukaa naye, nikamwambia yupo mama mwenye nyumba, akasema nisitoke kwenda kufundisha mpaka nisikie kutoka kwake. Kisha akasema pole. Nilikuwa nimeipindisha kanuni iwe ngumu kuliko yeye mwenyewe alivyoijua, na nilikuwa nimefanya hivyo nikijiita mtiifu.

Jumapili tulikuwa watu kumi na mmoja kwenye chumba cha kukodi tulichofanya kanisa, na kila mmoja aliniuliza yuko wapi Dada. Nilisema ameenda kumwona mama yake mgonjwa. Wote walifurahi. Hakuna hata mmoja aliyeona ajabu kwamba binti ameenda kwa mama yake mgonjwa. Wakaomba kwa ajili yake, na mmoja wao, mshona viatu aliyekuwa hajawahi kuomba mbele za watu, aliomba afike salama. Niliketi kwenye benchi la mbele nikitazama mikono yangu.

Estina alirudi Alhamisi, wiki iliyofuata. Lori la Jumatano ile lilikuwa limefika Mbala jioni ileile, akanieleza, na alikuwa amepitia hospitali moja kwa moja. Mama alikuwa anaongea. Aliuliza, "Yuko nyuma yako?" na Estina akampa barua, mtu akamsomea. Alifariki Alhamisi jua linapanda. Walimzika Ijumaa asubuhi, maana hapakuwa na pa kumhifadhi na hawakujua kama binti anakuja. Nakazwe alifika Ijumaa saa kumi jioni. Estina alinieleza haya akiwa anakunja vitenge, kwa mpango, pembe kwa pembe, bila kunilaumu. Aliamini amri ilitoka kwa Rais.

Sikutegemea kwamba Nakazwe angerudi. Rais alikuwa ameshaandika kwamba anaweza kubaki nyumbani kwa heshima zote. Lakini siku ya kumi na mbili, mchana, nilisikia Mama Sichalwe akilia kwa sauti uani, namna wanavyompokea mfiwa, na nilipotoka walikuwa wameshikana na begi lilikuwa kwenye matope. Alikuwa amekonda na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa. Aliniamkia kama siku zote. Tuliingia ndani. Alichukua kibati chake juu ya mto, ambako sikuwa nimekigusa, akakibandika kifuani akiwa bado na nguo za safari. Nikamuuliza kwa nini amerudi. "Nyumbani watu wote wananitazama," akasema. "Huku nina kazi." Akaketi kitandani, na kabla sijaanza kuogopa nikamwambia. Nilimwambia maneno niliyoyasema ndani ya kibanda, yalivyokuwa, na majibu ya Rais, ya Jumanne na ya Ijumaa. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayetaka kuandika kitu bila kukosea, "Ulisema hajisikii vizuri?"

"Ndiyo."

"Basi?"

"Basi."

Aliinuka akachukua ndoo. Mimi, kwa mazoea, nikashika ya pili. "Usinifuate," akasema. Nikaweka ndoo chini. Nilimwona kupitia upande wa dirisha wenye kioo akikatiza ua, akipita bomba, akiendelea kuelekea mto Lwiche ambako hakuna mtu anayechota maji. Nilikaa juu ya sakafu. Mama Sichalwe alikuja mlangoni, akanitazama, akaenda zake. Jua liligeuka, likaja kwenye boksi la sabuni, likaondoka. Niliamini kwa dhati kwamba hatarudi, na nilikuwa naanza kufikiria nimwambie nani, na kwa maneno gani, aliposukuma mlango kwa goti. Ndoo ilikuwa imejaa. Mabega yake yalikuwa yamelowa.

"Umepika?" akauliza.

"Sijapika."

"Tupike. Sijala tangu Kasesya."

Nilisonga ugali, yeye akachambua mboga. Tulipoweka chakula mezani ilikuwa zamu yangu kuomba. Kwa hesabu ya zamu zetu, yake ilikuwa imepita siku aliyoondoka. Niliinamisha kichwa na hakuna kilichokuja. Nilizijua sala zote, za mezani, za wagonjwa, za wafiwa, na zote zilikuwa maneno mororo, yaliyokatwa pembe. Mvuke wa ugali ulikuwa unaisha. Nilisikia kiti chake kikilia, nikadhani anainuka aniache. Alikuwa ananisogelea.

"Sema kama ilivyokuwa," akasema. "Usipunguze."

Nikafumba macho, nikaanza tangu Jumanne.